HAKI YA KIBABA
Maonyo juu ya kupoteza chakula majumbani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaruzuku waja wake vitu vizuri, akawahalalishia kuvila, akawakataza kuvipoteza. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyekuwa akishinda na njaa naye ndiye mbora wa viumbe, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Miongoni mwa mambo yaliyoenea katika miji ya Waislamu wa pwani, hata yakawa hayaonekani tena kuwa ni makosa, ni kutupwa kwa chakula majumbani. Mwizi akiingia nyumbani usiku akachukua kibaba cha mchele, mwenye nyumba hupiga ukelele, na majirani hutoka na bakora. Lakini kibaba hicho hicho kikipikwa jioni, kikabaki katika sufuria, kikalala wazi, kikachacha, na asubuhi kikapelekwa jaani, hapana apigaye ukelele. Mali ni ile ile, na hasara ni ile ile. Tofauti yake ni kuwa ya kwanza imefanywa na mtu mwingine, na ya pili ameifanya mwenyewe.

Wala mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni dogo kwa sababu hutokea kidogo kidogo. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloangalia mazingira lilitoa taarifa mwaka 2024, likaeleza ya kuwa katika mwaka 2022 chakula kilichopotezwa duniani majumbani, mahotelini na madukani kilikadiriwa kufika tani 1,050,000,000; na katika kila sehemu 100 za chakula hicho, sehemu 60 zilitoka majumbani. Maana yake ni kuwa mpotezaji mkubwa si mwenye hoteli wala mwenye duka. Ni mtu aliye kwake, mlango wake umefungwa, naye hutupa ukufi kwa ukufi, wala hajihesabu kuwa ni miongoni mwa wapotezaji.

HUKUMU YA JAMBO HILI

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, amewaruhusu wanaadamu kula na kunywa, na papo hapo akawakataza kupita kiasi, akabainisha ya kuwa Yeye hawapendi wapitao kiasi. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 141, ametaja matunda na mazao, akaamrisha haki yake itolewe siku ya kuvunwa, kisha akakataza israfu. Na katika Sura ya Al-Isra, aya ya 26 na ya 27, ameamrisha apewe jamaa haki yake, na maskini, na msafiri, na baada ya hapo akakataza ubadhirifu, akawahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Na atazame mwenye akili mpango wa maneno hayo: haki ya maskini imetangulia, na katazo la ubadhirifu likafuata. Ni kama kwamba kile kitupwacho na mbadhirifu hakikutoka ila katika fungu la yule maskini aliyetajwa kwanza.

Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.), Mtume (S.A.W.) amehesabu kupoteza mali kuwa ni katika mambo anayoyachukia Mwenyezi Mungu kwa waja wake. Na chakula ni mali. Bali ni mali iliyo tukufu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosimamisha roho.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamelipambanua jambo hili vizuri. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake Minhaj, kwenye mlango wa mtu azuiliwaye kutumia mali yake, amemweleza safihi, yaani mpumbavu wa mali, ya kuwa miongoni mwa alama zake ni kuitupa mali baharini au kuitumia katika haramu. Kisha akaeleza ya kuwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mtu anayetumia mali yake katika sadaka na njia za kheri, au katika vyakula na mavazi yaliyo juu ya hali yake, hahesabiwi kwa hayo kuwa ni mbadhirifu.

Katika maneno hayo mna faida kubwa. Mtu aliyejaaliwa akala pilau na nyama kila siku, naye hakudhulumu wala hakukopa asichoweza kulipa, hukumu yake si ya mbadhirifu, maana chakula kimeliwa na mwili wa kiumbe umenufaika. Lakini yule aliyetupa jaani kipande cha mkate mkavu kilichokuwa kizuri kuliwa, kitendo chake ni cha jinsi ya yule atupaye mali baharini, wala haimfai kitu kusema ya kuwa ni mkate tu. Kwa hiyo hapana lawama kwa aliyepika chakula cha thamani, wala hapana udhuru kwa aliyetupa cha rahisi. Linalotazamwa ni moja: je, kimefika katika tumbo la kiumbe, au hakikufika?

LAWAMA HUANZA KWA MWANAMUME

Kila inapotajwa israfu ya chakula, wanaume huwatupia lawama wake zao, wakasema ya kuwa jiko ni la wanawake. Na lau wangeliinsafisha nafsi zao, wangeliona ya kuwa sehemu kubwa ya israfu huingia nyumbani kwa mlango wa mbele kabla haijafika jikoni.

Ni nani aendaye sokoni bila ya kuuliza kilichobaki nyumbani, akarudi na tungo la samaki kwa sababu bei ilikuwa rahisi, hali samaki wa jana wangaliko? Ni nani asemaye ya kuwa yeye hali mwiku, wala hagusi ukoko, wala hataki kitoweo kilicholetwa mezani mara mbili? Ni nani atokaye asubuhi akaagiza ya kuwa atakuja na wageni wanne, kisha akarudi peke yake? Na ni nani akaaye barazani hata usiku, akala huko kwa rafiki zake, akaingia kwake ameshiba, na bibi wa nyumba amemwekea chakula chini ya kawa tangu magharibi? Sahani ile ikichacha, aliyeipoteza si yule aliyeipika. Ni yule aliyeiacha ikimngojea, asipeleke hata mtoto kusema ya kuwa amekwisha kula.

Mwenendo wa Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake ulikuwa kinyume cha huo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira (R.A.) ya kuwa hakupata kukitia chakula ila hata mara moja: akikipenda hukila, na asipokipenda hukiacha, wala hasemi neno. Na Muslim amepokea kwa Jabir (R.A.) ya kuwa siku moja aliwaomba watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hapana kitu ila siki, akaitaka siki hiyo, akawa akila huku akiisifu. Na amepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) ya kuwa alikuwa akiingia kwake akiuliza kama pana chakula, na akiambiwa hapana, alinuia saumu siku hiyo. Basi mbora wa viumbe alikuwa akiuliza kwanza kilichopo, akila kilichopo, na akikikosa akivumilia. Na mtu wa leo haulizi, na kilichopo hakitaki, kisha hustaajabu baraka imekwenda wapi.

KUPIMA KABLA YA KUPIKA

Dawa ya kwanza ni kipimo. Bukhari amepokea kwa Al-Miqdam bin Ma'di Karib (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha chakula kipimwe, na akaeleza ya kuwa kwa kupimwa hupatikana baraka.

Na akisema mtu: Je, haikupokewa kwa Bibi Aisha ya kuwa alikuwa na shayiri kidogo aliyoachiwa na Mtume, akaila muda mrefu, na siku alipoipima ikamalizika? Huambiwa: Wanavyuoni wamezijumuisha hadithi mbili hizi. Wamesema miongoni mwa waliyoyasema ya kuwa kipimwacho ni kile kitolewacho kwenda kupikwa, ili kisizidi haja wala kisipungue. Na kile kilichobaki ghalani huachwa bila ya kuhesabiwa kila saa, ili moyo usimtegemee pishi ukamsahau Mwenye kuruzuku. Kwa hiyo apimaye mchele uendao chunguni amefuata hadithi ya kwanza, na asiyekwenda kila siku kuchungulia gunia kwa hofu ya ufakiri amefuata ya pili. Na yule amiminaye mchele kwa kukisia, hakufuata hata moja.

Tena Sharia yenyewe haikukiacha chakula bila ya kipimo. Saa, ambayo watu wa pwani wameizoea kuiita pishi, ina mudi 4. Na mudi huitwa kibaba. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, nafaka ya mke kwa kila siku ni vibaba 2 kwa mume tajiri, kibaba 1 na nusu kwa mtu wa kati na kati, na kibaba 1 kwa mwenye dhiki. Zaka ya fitri ni pishi 1 kwa kila kichwa. Na mzee asiyeweza tena kufunga, fidia yake ni kibaba 1 kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Basi kibaba kimoja, kitu kisichofika kilo moja ya mchele, kimepewa thamani mbele ya Sharia sawa na siku nzima ya mwezi wa Ramadhani. Mtu akijua hayo, atawezaje kukiona kibaba kuwa ni kitu cha kutupwa?

Na afanye hesabu mwenye nyumba. Ikiwa wali unaotupwa kwake katika siku 7, kidogo leo na kidogo kesho, ukijumlishwa ni wa kibaba 1 tu cha mchele, basi katika juma 52 za mwaka ametupa vibaba 52, nazo ni pishi 13. Hizo ni zaka ya fitri ya watu 13. Huenda mtu huyo nyumbani kwake wamo watu 6, na usiku wa Idi, akitakiwa kutoa pishi 6, huuliza kama hapana kauli iliyo nyepesi zaidi. Na katika mwaka huo huo amelipa jaa pishi 13, kwa hiari yake, bila ya kudaiwa.

Njia ya kupima si ngumu. Mume na mkewe na watazame kwa siku chache ni kiasi gani kinachoingia chunguni na ni kiasi gani kinachobaki, hata wajue watu wa nyumba yao hula vibaba vingapi mchana na vingapi usiku. Kibaba hicho kiwekwe ndani ya chombo cha mchele, na asichote mtu kwa mkono mtupu. Na anayekusudia kula nje, au kuleta mgeni, apeleke habari kabla mchele haujaoshwa. Na chakula kipakuliwe kidogo, na mwenye haja arudie. Kwa kuwa wali uliobaki sufuriani ni chakula, na uliochezewa sahanini watu huuona kinyaa.

KILICHOBAKI KINA HAKI YAKE

Mtu akipima sana hakosi siku kubakiwa. Hapo ndipo unapojulikana ucha Mungu wa nyumba.

Muslim amepokea kwa Jabir (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha tonge ikianguka iokotwe, iondolewe uchafu ulioishika, iliwe, wala isiachiwe Shetani; na vidole virambwe kabla ya kufutwa, kwani mlaji hajui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chake. Basi huenda baraka ya sinia zima imo katika punje zile za mwisho, nazo ndizo zikung'utwazo jaani. Na wamepokea Bukhari na Muslim kwa Ibn Abbas (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliona mbuzi amekufa mfu, naye alikuwa ni sadaka aliyopewa huria wa Bibi Maimuna (R.A.), akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo, akabainisha ya kuwa kilichoharimishwa ni kumla. Na Bukhari amepokea kwa Bibi Maimuna ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya samli iliyoangukiwa na panya, akaamrisha aondolewe panya na samli iliyomzunguka, na iliyobaki iliwe, na hilo ni katika samli iliyoganda. Ikiwa Sharia haikuruhusu kupotezwa ngozi ya mzoga, wala samli iliyobaki baada ya kuingiwa na najisi, basi wali safi uliobaki kwa shibe utatupwa kwa hoja gani?

Lakini yapasa ijulikane ya kuwa kuhifadhi chakula ni elimu, na Sharia haikumwamrisha mtu kujidhuru. Nabii Yusuf (A.S.), kama ilivyoelezwa katika sura yake, aya ya 47, aliwaagiza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake, ila kidogo watakachokula, kwani ganda la punje ni ngao yake. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Jabir waliyoipokea Bukhari na Muslim, ameamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe usiku. Kwa hiyo sufuria iliyolala wazi imepoteza chakula, na juu ya hayo imeacha sunna.

Na wali una jambo lake. Waganga wa zama hizi wamethibitisha ya kuwa katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa moto wa kupikia. Wali ukikaa saa nyingi katika uvuguvugu, mbegu hizo huamka zikatoa sumu, na sumu hiyo yaweza kubaki hata wali ukipashwa moto tena. Basi ataka kuweka mwiku aupoze upesi kwa kuutandaza katika sinia, autie katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, aule siku ya pili baada ya kuupasha moto sana. Na asiyekuwa na jokofu, njia yake ni kupika kipimo cha mlo mmoja, na akibakiwa ampe jirani usiku ule ule, chakula kingali kizuri. Na hasa wali wa nazi, ambao huchacha upesi kuliko mweupe. Amegeukia jirani yake vizuri yule ampaye chakula akipendacho mwenyewe, wala si yule ampelekeaye asubuhi kile alichokinusa akakikataa.

Kisichofaa tena kuliwa na mwanaadamu, kama maganda ya muhogo na ya ndizi, na chicha ya nazi, wapewe kuku na mbuzi. Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kuwa katika kukitendea wema kila chenye roho mna malipo, kama ilivyo katika hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Hata ganda la muhogo, likitupwa kwa nia njema mbele ya mbuzi mwenye njaa, laweza kuandikwa katika mizani ya mema.

WAGENI NA KARAMU

Na akisema mtu: Haya yote ni ubakhili, na watu wa pwani wamejulikana kwa ukarimu, tena Nabii Ibrahimu (A.S.) aliwaletea wageni wake ndama mzima aliyenona. Huambiwa: Nabii Ibrahimu alikileta chakula ili kiliwe, akawakaribisha wageni wakile. Hakukileta ili kisifiwe. Ukarimu ni mgeni kuinuka ameshiba, wala si sinia kuinuliwa limejaa. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi uchoyo, bali husimama baina ya mawili hayo. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, amefundisha ya kuwa chakula cha mmoja huwatosha wawili, na cha wawili huwatosha wanne, na cha wanne huwatosha wanane. Leo mambo yamegeuzwa: kwa ajili ya wageni wawili hupikwa chakula cha wanane, wakala wawili, na fungu la sita likaingia jaani, kwa kuogopa asije mtu akasema barazani ya kuwa kwa fulani wali ulikuwa haba.

Na tufani kubwa zaidi ni ya harusi. Walima ni sunna iliyotiliwa nguvu, na Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) afanye walima walau kwa mbuzi mmoja. Naye Mtume mwenyewe, kama alivyopokea Bukhari, alifanya walima kwa baadhi ya wake zake kwa vibaba 2 vya shayiri, na alipomuoa Bibi Safiya (R.A.), walima yake ilikuwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Basi yule akopaye ili achinje ng'ombe, na mwaka mzima baada ya harusi akawa anakwepa njia ya mdai wake, na asikari wa kwanza wa karamu yake wakawa ni kunguru walioamka mapema juu ya wali uliomwagwa, amefuata sunna ya nani? Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira, chakula kilicho kiovu zaidi ni cha walima ambayo huitwa matajiri, wakaachwa maskini. Je, itakuwaje walima ambayo maskini hawakuitwa, na kilichobaki pia hawakupewa?

Hapa pana mas'ala ambayo watu wengi wameghafilika nayo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, mgeni hukila kile alichowekewa, wala hana ruhusa ya kukitumia kwa njia nyingine. Hampi mwombaji wala paka, ila akijua ya kuwa mwenyeji ameridhia. Kwa hiyo mgeni mcha Mungu huona chakula kikibaki mbele yake, naye akaogopa kukichukua. Dawa yake i mkononi mwa mwenye karamu: na atangaze kwa ulimi wake, mbele ya watu, ya kuwa kila kilichobaki ni ruhusa kuchukuliwa, na aweke tayari vijana na vyombo vya kukipeleka kwa wajane na mayatima kabla hakijapoa. Neno moja la mwenyeji laweza kuokoa masinia kumi.

Na mwezi wa Ramadhani, uliofaradhiwa saumu ili tajiri aonje njaa ya fakiri, usigeuzwe kuwa mwezi wa kutupa. Mwenye kufunga mbele yake huwekwa uji, na tambi, na mihogo ya nazi, na sambusa, na vitumbua, na mikate ya aina mbili. Macho yenye njaa huviagiza vyote, na tumbo hushindwa baada ya vitu viwili. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ameeleza ya kuwa mwanaadamu hakujaza chombo kilicho kibaya kuliko tumbo lake, na mwenye kutaka kula basi na aligawe mafungu matatu: moja la chakula, moja la maji, na moja la pumzi.

HESABU YA SIKU YA KIYAMA

Wazee wa pwani waliijua thamani ya punje. Mwaka 1942, katika vita vikuu vya pili, Wajapani walipoitwaa Burma, mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika, na nyumba zilizozoea wali zikarejea muhogo, mtama na mahindi. Waliokua katika nyumba hizo hawakuhitaji kufundishwa kuokota punje iliyoanguka. Na neema ikirudi, watu husahau. Na kusahau ndiko kunakoiondoa tena.

Na wala haihitaji vita ili njaa iwe karibu. Mara nyingi iko nyuma ya ukuta mmoja. Nyumba hii inakung'uta sinia, na nyumba ya pili mama amechemsha maji matupu ili watoto wasikie mvumo wa sufuria wapate kulala. Bukhari, katika kitabu chake cha adabu, amepokea kwa Ibn Abbas (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) amemkanushia imani kamili mtu ashibaye na jirani yake ana njaa. Na Muslim amepokea kwa Abu Dharr (R.A.) ya kuwa alimuusia, apikapo mchuzi, azidishe maji yake na awakumbuke majirani. Hakumwambia azidishe nyama, asije fakiri akapata udhuru; maji kila mtu anayo.

Na mwisho wa maneno haya ni habari aliyoipokea Muslim kwa Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alitoka nyumbani kwake siku moja, akawakuta Abubakar na Umar (R.A.) nje, na wote watatu hawakutolewa majumbani ila na njaa. Wakaenda kwa mtu mmoja katika Ansari. Akawaletea shada la tende, akawachinjia mbuzi, wakala, wakanywa maji. Waliposhiba, Mtume (S.A.W.) akawaambia masahaba zake wawili ya kuwa wataulizwa juu ya neema ile Siku ya Kiyama: wametoka kwa njaa, na hawakurudi ila wameipata.

Na azingatie kila mwenye nyumba. Hao ni Abubakar na Umar, njaa yao ilikuwa ya kweli, chakula chao kilikuwa cha halali, wamekila kwa shukrani, wala haikutajwa katika habari hiyo kuwa walitupa kitu, nao wataulizwa. Basi atajibu nini mtu atakayeulizwa juu ya kile alichokula, na juu ya kile alichokiacha kikachacha, na juu ya jirani aliyekuwa akisikia harufu ya chungu chake kila jioni?

Kabla ya swali hilo kuulizwa, muda ungalipo. Kibaba kiwekwe leo ndani ya chombo cha mchele. Sufuria ifunikwe leo. Na sahani ya jirani isingoje asubuhi.

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu shukrani ya neema kabla haijaondoka, awakinai kwa kidogo kilicho na baraka, awaepushe na israfu na ubakhili, na azijaalie nyumba zao kuwa milango ya kheri kwa wenye njaa. Amin. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Walhamdu lillahi Rabbil-alamin.